Modeli ikishakamilika: niliyojifunza kwa jahazi la baba na ndege zangu

Jahazi la modeli la marehemu baba lilikaa juu ya kabati la vyombo nyumbani Pangani kwa miaka mingi, likila vumbi na moshi wa jikoni, na halikupata kasoro ya maana. Lilianza kuharibika lilipofika kwangu Dar es Salaam nikalitia ndani ya kabati la kioo lililonigharimu laki sita na nusu. Kabati lilikuwa zuri, na kila aliyeingia sebuleni alilisifia. Nayaandika yaliyotokea kwa sababu wapo wanaojenga modeli, na wapo waliorithi za wazazi wao, ambao muda huu wanamtafuta fundi awatengenezee kabati la aina ileile. Msimpe advansi kwanza.

Baba alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, na modeli ile aliiunda uzeeni, alipokuwa hawezi tena kushinda juani. Ina urefu wa sentimita 70 hivi. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yamewekwa moja moja kama ya jahazi la kweli, mlingoti umelalia mbele kidogo, foromali, mti unaobeba tanga, imeungwa kwa vipande viwili vilivyokazwa kwa kamba, na tanga ni la kitambaa cha marekani. Nanga zake mbili, kila moja ina makucha manne, alizitengeneza kwa kuyeyusha chubwi za risasi za kuvulia. Mimi sikurithi mkono wa mbao. Najenga ndege za plastiki, hasa zilizowahi kuruka katika anga letu: Super VC10 ya East African Airways, Fokker F27, Q400 na Boeing 787-8 za Air Tanzania. Seti zenyewe naagiza nje, kwa hiyo kila moja inaniuma mfukoni kabla hata sijafungua gundi.

Asiyejenga hudhani ugumu uko kwenye kujenga. Ndege moja unaimaliza kwa wiki chache au miezi. Baada ya hapo itakaa nyumbani miaka na miaka, na huko kukaa ndiko kunakoiharibu.

Kabla ya kabati nilikuwa na rafu za wazi ukutani, katika nyumba niliyopanga yenye dirisha la magharibi. Vumbi tunalisingizia dirisha, na kweli linaingilia huko, lakini pangaboi ndilo linalolizungusha chumba kizima na kulisukumia kwenye kila mfereji wa bawa. Vumbi kavu halisumbui sana. Brashi pana laini ya kupakia poda, pamoja na kile kipulizio cha mpira wanachotumia wapiga picha kusafishia lenzi, vinatosha: unaanzia juu unashuka chini, mkono mmoja umeshika tumbo la ndege. Kitambaa kiweke mbali kabisa, maana uzi mmoja ukinasa kwenye antena, antena umeipoteza. Shida ni vumbi lililokutana na mafuta ya kukaangia, kwa sababu jiko na sebule zetu nyingi zinatazamana. Hilo hung'ang'ania. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo na pamba ya masikio, na ujaribu kwanza chini ya tumbo la ndege pasipoonekana. Usiguse spiriti wala tina. Rangi nyingi za akriliki zinatoka na spiriti kama vile hazikuwahi kukauka.

Jua nilichelewa kulitambua kwa sababu kazi yake ni ya polepole. F27 ilikaa ubavu mmoja ukitazama dirisha. Siku niliyoigeuza ili niisafishe, stika za upande wa dirishani zilikuwa zimepauka, na za upande wa pili zilikuwa na rangi yake yote. Kioo cha kawaida cha dirisha kinapitisha sehemu kubwa ya miale inayopausha rangi, kwa hiyo kufunga dirisha hakusaidii. Kinachosaidia ni pazia zito saa za alasiri, au kuhamishia rafu kwenye ukuta usiofikiwa na jua kabisa. Mimi nilihama ukuta.

Mjusi kafiri naye simsamehe. Alikuwa na makao nyuma ya rafu ya juu, na choo chake alikiangushia juu ya bawa la Boeing. Ukikiwahi kikiwa kibichi, pamba yenye maji inatosha. Kikikaa siku kadhaa, ile sehemu nyeupe inaila rangi na kuacha doa lenye ukingo, na hapo hakuna la kufanya ila kupaka upya. Ni mjusi huyu, kuliko vumbi na jua, aliyenifanya niseme sasa nataka kabati.

Kabla sijaeleza kabati, nieleze vipimo, kwa sababu hapa watu wanapoteza hela bure. Mafundi wengi hutengeneza rafu zenye kina cha sentimita 30, kipimo cha vitabu na vikombe. Chukua upana wa mabawa ya ndege halisi kwa sentimita, ugawanye kwa namba ya skeli, yaani mara ngapi modeli ni ndogo kuliko ndege halisi: skeli ya 1/144 ni kugawanya kwa 144. Boeing 787-8 ina mabawa ya mita 60.1, na kwa skeli ya 1/144 yanakuwa sentimita 41.7. Q400 ni ndege ndogo ya mapangaboi yenye mita 28.42, lakini mimi niliijenga kwa skeli ya 1/72, ikatoka sentimita 39.5. Yaani ndege ya abiria wasiofika mia inadai nafasi karibu sawa na ile inayovuka bahari. Super VC10 kwa 1/144 inafika karibu sentimita 31, inaikosa rafu ya 30 kwa sentimita moja tu. Nikaagiza kina cha 45. Kwa jahazi pima kutoka ncha ya foromali hadi nyuma, si urefu wa mwili peke yake, kisha uongeze upana wa kiganja kila upande ili mkono wako upite bila kuvunja kitu.

Kuhusu kioo, rafu yenye urefu unaokaribia mita moja isiwe ya milimita 4, hata kama modeli zako ni nyepesi. Inabonyea. Niliweka ya milimita 6, na kingo zimesuguliwa. Milango ya kuteleza inapendeza kwenye sebule ndogo, ila ile nafasi kati ya kioo na kioo ni njia ya vumbi. Ya bawaba inaziba vizuri zaidi. Wapo wanaopendekeza plastiki angavu ya akriliki badala ya kioo kwa sababu ni nyepesi. Mimi sikuipenda: inakwaruzika haraka, inavuta vumbi ukiifuta ikiwa kavu, na dawa za kusafishia vioo zenye amonia zinaipasua nyufa ndogondogo.

Fundi wangu alikuwa mtu wa kazi safi. Mwili wa kabati aliutengeneza kwa MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, nje ameuvika fomaika, ndani ameuacha na rangi tu. Nilipomwambia habari za mjusi na vumbi, akacheka.

"Dada, niachie mimi. Nikizungushia silikoni hapa, hata mende hapiti."

Na kweli hapiti. Kabati lililetwa likiwa linanuka siki. Nikalifungua dakika chache, nikapanga kila kitu jioni ileile, jahazi la baba katikati, nikafunga. Nilifurahi mno.

Masika yalipoingia niliona unga mweupe kwenye nanga. Kidogo tu, kwenye maungio ya makucha. Nilidhani ni ukungu, au chumvi ya miaka mingi ya Pangani inatoka. Niliupangusa. Baada ya muda ukarudi, mwingi zaidi. Safari hii nilipiga picha kwa karibu sana na kuikuza kwenye simu. Ukucha mmoja ulikuwa umevimba, una matuta, na ganda lake la nje limepasuka. Chini ya unga palikuwa na shimo. Ile risasi ilikuwa inaliwa.

Nilianza kusoma, na nikakuta kwamba watunzaji wa modeli za meli wanaujua ugonjwa huu vizuri, na wale wanaosimamia modeli za Jeshi la Majini la Marekani wameandika maelekezo kamili juu yake. Kwa ufupi ni hivi. MDF, plaiwudi, baadhi ya mbao ngumu, gundi za mbao na rangi mbichi hutoa mvuke wenye asidi, asidi ileile iliyomo kwenye siki. Silikoni inayonuka siki inaitoa waziwazi wakati inakauka. Mahali penye hewa, mvuke huo unapeperuka na haudhuru kitu. Ndani ya kabati lililozibwa kila upande unajikusanya. Ukikutana na risasi, pamoja na unyevu na hewa ukaa, risasi inageuka kuwa unga mweupe, na asidi inabaki huru kuendelea na kipande kingine. Kwa hiyo haiachi yenyewe.

Hapo nikaelewa kwa nini juu ya kabati la vyombo Pangani hakukutokea kitu. Jahazi lilikuwa wazi, upepo wa baharini unaingia mlango wa mbele na kutokea uani.

Tafadhali mnisikilize kwenye jambo moja la afya. Unga ule ni sumu. Usiupulize, usiupanguse kwa kidole kama nilivyofanya mara ya kwanza. Vaa glavu na barakoa, tumia karatasi laini iliyoloweshwa, itie kwenye mfuko na uufunge, nawa mikono, na watoto wasiwepo chumbani. Kama modeli yako ya zamani ina nanga, mizinga, magurudumu au vinyago vya metali laini ya kijivu inayochora karatasi kama penseli, ichukulie kuwa ni risasi mpaka ithibitike vinginevyo.

Nanga zenyewe zilinitoa machozi. Kuziacha mahali pake kulimaanisha unga uendelee kuanguka juu ya mbao za sitaha. Nilizitoa, nikazitia kwenye chupa ndogo ya kioo mbali na mbao yoyote, na sonara mmoja akaniyeyushia mpya za shaba kwa kipimo cha zile za zamani, elfu arobaini zote mbili. Mama alipokuja kutembea aliziona mara moja.

"Mwanangu, hizi si nanga za baba yako."

"Ndiyo, Mama. Za baba nimezitenga, zilikuwa zinaumwa."

Alizishika zile zilizomo kwenye chupa kwa muda, juu ya kioo, hakufungua. Kisha akaniambia zile za shaba nizipake nyeusi, kwa sababu baba asingeziacha zing'ae. Nikazipaka.

Kabati nililifanyia upya. MDF yote ikatoka, tukabakisha vioo na kuweka fremu ya aluminiamu: laki tatu na themanini nyingine. Kama ningeanza na aluminiamu na kioo tangu mwanzo, ningelipa jumla ndogo kuliko lile la kwanza. Silikoni ipo ya aina isiyo na asidi. Muitambue kwa pua, haina harufu ya siki hata ikiwa mbichi. Kisha tukatoboa matundu: safu moja nyuma chini, nyingine nyuma juu, hewa iingie chini itokee juu. Matundu yamefunikwa kwa wavu wa dirisha, na juu ya wavu kipande cha pamba nyembamba ninachokibadilisha kikishika vumbi. Vumbi linabaki kwenye pamba, mjusi anabaki nje, mvuke unatoka. Milango niliiacha wazi mwezi mzima kabla ya kurudisha chochote. Fundi mpya aliniona nimepagawa, lakini alinisikiliza.

Mambo mengine ya kabati nayasema upesi. Liwe mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja, kwa maana kuta zetu hutoka jasho wakati wa mvua. Miguu iwe ya chuma kilichopakwa rangi au aluminiamu, mchwa asipate njia. Taa ziwe za LED, za utepe, na transfoma yake ikae nje ya kabati, kwani joto nalo linaharibu. Zizime ukitoka chumbani. Modeli haihitaji kumulikwa usiku kucha.

Na naftalini. Nyumba nyingi za pwani zina vidonge hivi kwenye kila droo, na mimi nilishaviandaa kwa ajili ya mende, kwa sababu baba alilitia wanga tanga la marekani ili lishike umbo la upepo, na mende wanapenda wanga. Msiviweke karibu na modeli za plastiki. Mvuke wake unailainisha polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya seti karibu zote. Kwa tanga nilichofanya ni kulitoa, kulisafisha taratibu kwa maji baridi yasiyo na sabuni, kulikausha kivulini na kulirudisha bila wanga. Sasa linaning'inia kidogo. Nimelizoea.

Kabati likawa salama, lakini halitoshi vyote, na nadhani hilo ni jema. Ndege kumi zikibanana kwenye rafu moja hakuna inayoonekana, na ukitaka kutoa ya nyuma unang'oa usukani wa ya mbele. Sasa naonyesha chache, nyingine ziko kwenye makasha, na nabadilisha kila nikijisikia. Kwenye kuhifadhi, kanuni yangu ni kwamba kitu chochote kisiguse sehemu iliyopakwa rangi. Nailoni ya mapovu inaacha alama za duara kwenye rangi, hasa kukiwa na joto. Gazeti lina asidi na wino. Sponji ya godoro inaoza kwa joto letu na kuwa unga unaonata. Plastiki laini ya vinili ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mafuta yake yanahamia kwenye polistirini na kuiyeyusha. Waliojenga magari wanalijua hili, maana matairi ya vinili ya seti za zamani huwa yanazamia kwenye ringi zake yenyewe.

Ninachofanya ni kuifungia ndege kwenye kibao, kisha kibao nakikaza kwa skrubu kwenye sakafu ya kasha la plastiki ngumu lenye kifuniko. Kasha likitikiswa, ndege inatikisika pamoja nalo, na hakuna kinachoisukuma. Ndani naweka silika, ile ya chembe zinazobadilika rangi zikishiba maji, nilizipata kwa muuza vifaa vya kamera. Vile vifuko vinavyokuja na viatu huwa vimeshashiba unyevu kabla hujavifikisha nyumbani; vikaushe kwanza kwa moto mdogo sana au usijisumbue navyo. Hii ni kwa plastiki tu. Modeli ya mbao usiikaushe. Ndugu yangu alihamia Dodoma kikazi na ngalawa ya mbao iliyotengenezwa pwani, na kiangazi cha kwanza kule kilitosha kuachanisha mbao zake ubavuni. Mbao iliyozoea hewa nzito ya bahari inasinyaa ikipelekwa bara kavu, na anayehama nayo aizoeshe polepole ndani ya sanduku, aifungue kidogo kidogo.

Nilipohama mwenyewe, kirikuu kilibeba samani zote, lakini modeli hazikupanda. Makasha niliyapakata kwenye gari, safari baada ya safari. Mtu aliyenisaidia aliliacha kasha moja kwenye buti la gari lililoegeshwa juani wakati tunashusha vitu vingine, na bawa la F27 likajipinda kuelekea juu. Polistirini haihitaji moto ili ilegee, buti lililofungwa mchana wa Dar linatosha. Bawa nililinyoosha kwa maji ya moto na subira nyingi, lakini mstari wa maungio ulifunguka na ikabidi nijaze na kupaka upya.

Jambo la mwisho ni kadi. Kila modeli yangu sasa ina kadi yake: skeli, mwaka, aina ya rangi na vanishi, gundi, na kilichowahi kutengenezwa. Kwa jahazi la baba nilikwenda mbali zaidi, nikakaa na mafundi wazee wa Pangani wakanitajia kila kipande kwa jina lake na mbao yake, kuanzia mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo, hadi jarari, kamba ya kupandishia tanga. Mtepe, kile chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu umbo lake imetokana na modeli na picha zilizosalia. Aliyezitunza alikuwa anatunza zaidi ya pambo la sebuleni. Kwa hiyo kama una ngalawa au jahazi la babu yako juu ya friji, lipige picha kila upande wiki hii, mtafute anayejua kulisoma, uandike. Tumia penseli. Wino wa kalamu unatawanyika kadi ikipata unyevu wa masika, na penseli inabaki.